Mama amehamia mjini na sasa hapati choo: je, nyuzinyuzi zitamsaidia?

BARUA

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa na nina watoto watatu. Ninaishi Dar es Salaam, ambako mimi na mume wangu tuna duka la vifaa vya ujenzi. Ninakuandikia kwa ajili ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 67, ambaye tulimleta kwetu kutoka Rombo baada ya baba kufariki, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwangalia kule nyumbani.

Alipokuwa kijijini mama alikuwa na afya nzuri kuliko sisi sote. Alikuwa akienda shambani kila asubuhi, na chakula chake kilikuwa kiburu, makande, magimbi, mnafu na ndizi za kupika. Alipohamia kwetu tulitaka apumzike na ale vizuri. Asubuhi anakunywa chai ya maziwa kwa mkate au maandazi, mchana anakula wali kwa nyama au samaki, na usiku ni ugali wa sembe na mboga kidogo, au chipsi watoto wanapoziomba.

Miezi ya karibuni nimegundua kwamba mama hukaa siku nne hata tano bila kupata choo, na anapokipata ni kwa kujikamua na kwa maumivu. Hakuniambia mwenyewe kwa sababu anaona aibu. Aliyeniambia ni binti yangu mkubwa, ambaye hulala naye chumba kimoja. Tulipompeleka kupima shinikizo la damu, ambalo analo kwa muda mrefu, tuliambiwa kwamba na sukari yake imepanda. Akaanzishiwa vidonge na akaambiwa ale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Hatukuelezwa zaidi ya hapo.

Niliporudi nyumbani nilibadilisha kila kitu kwa mara moja. Nilinunua dona, nikapika maharage mchana na usiku, na mkate nikauondoa mezani. Kabla ya wiki kwisha tumbo la mama lilikuwa limejaa gesi na kumuuma, akasema hataki tena. Mume wangu naye alisema wazi kwamba dona aliimaliza alipokuwa shule ya bweni na hawezi kuila tena nyumbani kwake. Tukarudi kwenye sembe. Baadaye jirani alimletea mama unga wa kusafisha tumbo, ambao wauzaji wanadai kwamba unatoa sumu zote mwilini. Mama aliunywa, akaharisha siku mbili, na sasa anasema bila unga huo hapati choo kabisa.

Naomba unisaidie kujua kama ni kweli nyuzinyuzi zina faida kubwa namna hiyo au ni maneno tu ya siku hizi, na kama ni kweli, mama ale kiasi gani. Ndizi na matunda si hatari kwa mtu mwenye sukari? Aendelee na unga ule au auache? Na mwanangu wa mwisho, mwenye miaka saba, naye analalamikia choo kigumu.

Binti wa Rombo, Dar es Salaam

JIBU

Dada yangu,

Mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie kwamba jambo linalomwonea aibu ni la kawaida mno kwa watu wa umri wake, na hakuna mhudumu wa afya atakayeshangaa kulisikia. Ninalisema hili mwanzoni kwa sababu kabla ya kuzungumzia chakula, mama anahitaji kurudi kwa daktari na kueleza habari hii ya choo yeye mwenyewe, au wewe uieleze kwa niaba yake akiwapo. Mtu aliyevuka miaka 50 ambaye choo chake kimebadilika kutoka hali aliyoizoea hapaswi kutibiwa kwa maharage kabla hajachunguzwa. Muulize kwa upole kama ameona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kama nguo zake zimeanza kumpwaya bila sababu, kama anachoka na kuhema kwa kazi ndogo, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata saratani ya utumbo. Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo linamaanisha aende wiki hii hii. Tumbo likivimba na kuuma vikali, akaanza kutapika, na hata hewa ikawa haitoki, hilo ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Mnapokwenda, chukueni vidonge vyote anavyotumia, pamoja na vile alivyonunua dukani mwenyewe. Vidonge vya madini ya chuma, baadhi ya dawa za maumivu makali na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufunga choo, na huenda sehemu ya tatizo imo ndani ya mfuko huo. Ombeni pia figo zake zipimwe. Ana shinikizo la damu na sasa ana sukari, na maradhi hayo mawili huumiza figo kimyakimya. Mtu ambaye figo zake zimedhoofu huhitaji mwongozo maalumu kuhusu maharage, ndizi na parachichi, kwa kuwa vyakula hivyo vina potasiamu nyingi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini.

Sasa nijibu swali lako kubwa. Faida za nyuzinyuzi ni za kweli, na kwa hakika sehemu ya ujuzi huo ilianzia huku kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966, kwa sehemu kubwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyehudumu Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, waligundua kwamba maradhi yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wao wa vijijini: kufunga choo, bawasiri, saratani ya utumbo mpana, kisukari cha ukubwani na maradhi ya mishipa ya moyo. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo ambavyo hadi leo huwashangaza wanafunzi wa udaktari. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilichukua takriban saa 35 kupita mwilini, na choo chao cha siku kilikuwa na uzito wa gramu 470 kwa wastani. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao kilichukua zaidi ya saa 80, na choo kilikuwa gramu 104 tu.

Burkitt hakuwa sahihi katika kila alichokidhani. Wanakijiji wale walitofautiana na Waingereza kwa mambo mengi zaidi ya nyuzinyuzi: walitembea sana, wengi wao walikuwa vijana, na sukari ya dukani hawakuijua sana. Lakini msingi wa hoja yake umesimama. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kwa kuombwa na Shirika la Afya Duniani, walichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi wa tafiti 185 zilizofuatilia watu kwa miaka mingi, pamoja na majaribio 58 yaliyofanywa kwa watu wazima. Waliokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na waliokula kidogo sana, walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 ya kufa mapema, kufa kwa maradhi ya moyo na kiharusi, na kupata kisukari cha aina ya pili au saratani ya utumbo mpana. Kiasi kilichoonekana kuleta faida kubwa kilikuwa gramu 25 hadi 29 kwa siku. Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku, zitokane na chakula chenyewe.

Kuna utafiti mwingine ambao, kwa kuwa unatoka Rombo, ningependa mno uujue. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha kazi ya watafiti wa Tanzania na Uholanzi iliyofanywa mkoani Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya njema. Baadhi yao, waliozoea chakula cha asili cha kijijini, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa mtindo wa Kimagharibi wenye vyakula vilivyosindikwa. Wengine, waliozoea mlo wa mjini, walirudishwa kwenye ndizi, maharage na mboga za majani. Katika wiki hizo mbili tu damu ya kundi la kwanza ilionyesha dalili kwamba kinga ya mwili inachochewa bila kuwapo ugonjwa, na chembe zao za kinga zikapunguza nguvu ya kuitikia vimelea. Kwa kundi la pili mwelekeo ulikuwa kinyume chake, na sehemu ya mabadiliko ilikuwa bado inaonekana wiki nne baadaye. Ulikuwa utafiti mfupi, wa wanaume peke yao, na uliupima mlo mzima wala si nyuzinyuzi pekee. Hata hivyo safari ya chakula waliyopelekwa wale wanaume wa kundi la kwanza ndiyo safari aliyoipita mama yako, ila yeye hakuwa na wiki mbili na kurudi.

Ukielewa kinachotokea ndani ya tumbo, utajua kwa nini jaribio lako la kwanza lilishindwa. Nyuzinyuzi, ambazo maofisa lishe wengine huziita makapimlo, ni sehemu ya mmea ambayo tumbo na utumbo mwembamba haviwezi kuisaga. Zinafika katika utumbo mpana zikiwa bado nzima. Zile ngumu, kama za pumba za nafaka na maganda, hushika maji na kuongeza ujazo wa choo, hivyo utumbo unapata kitu cha kusukuma. Zile laini, kama ute wa bamia na sehemu ya nyuzinyuzi za maharage na shayiri, hugeuka kuwa ujiuji mzito tumboni. Ujiuji huo huchelewesha sukari kuingia katika damu baada ya kula, na huondoka na asidi za nyongo ambazo ini hulazimika kuzitengeneza upya kwa kutumia lehemu (kolesteroli), na kwa njia hiyo lehemu mbaya katika damu hupungua. Kwa mgonjwa wa sukari na shinikizo, kama alivyo mama, faida hizi mbili zina thamani kubwa kuliko hata ile ya choo.

Kisha kuna bakteria. Utumbo mpana umejaa viumbe hao, na wengi wao huishi kwa nyuzinyuzi. Wanapozichachusha hutengeneza asidi nyepesi za mafuta, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Uchachushaji huo hutoa pia gesi. Mtu ambaye kwa muda mrefu amekula mkate mweupe na sembe ana bakteria wachache wa kazi hiyo. Ukimmiminia maharage mchana na usiku kwa wiki nzima, gesi hujaa na tumbo huuma, hasa kama alikwishafunga choo na hakuna nafasi. Maharage hayakuwa na kosa, na wewe hukukosea kuyachagua. Kilichokosekana ni muda wa kuzoea, na maji.

Kwa hiyo safari hii twende taratibu, tukianzia na kile anachokijua. Mpikie mama kiburu chake. Ndizi mbichi zilizopondwa pamoja na maharage ni chakula laini kwa meno ya mzee, kina nyuzinyuzi za aina zote mbili, na ndizi mbichi zina wanga ambao sehemu yake haimeng'enywi na hufika kwa bakteria kama nyuzinyuzi. Wiki ya kwanza weka maharage kidogo tu, yasizidi vijiko vinne vya chakula katika sahani yake, mara moja kwa siku, na chakula kingine kibaki kama kilivyo. Yaloweke usiku kucha, maji ya kulowekea uyamwage, uyachemshe kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa, kwa maana maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayoleta kutapika. Kama bado yanamsumbua, tumia choroko au dengu zilizokobolewa, ambazo kwa watu wengi huleta gesi kidogo zaidi. Tumbo likitulia, wiki ya pili ongeza bakuli la mnafu, mchicha au matembele. Wiki ya tatu ongeza tunda. Wiki ya nne ndipo ugeukie unga wa dona. Ikiwa wiki fulani ina usumbufu, baki hapo hapo hadi upungue.

Maji ni lazima yaende sambamba. Nyuzinyuzi zinazokosa maji hugeuka kuwa tonge gumu na kuzidisha tatizo lile lile unalolitibu. Wazee hawasikii kiu kama sisi, na joto la Dar es Salaam si la Rombo, kwa hiyo usingoje aombe. Mpe bilauri moja anapoamka, moja katika kila mlo na moja katikati ya milo, isipokuwa kama daktari amemwekea kikomo cha maji kwa sababu ya moyo au figo.

Kuhusu kiasi, nimekadiria mlo wa mama ulivyo sasa. Vipande viwili vya mkate mweupe, sahani ya wali, ugali wa sembe na mboga kidogo havifikishi gramu 10 za nyuzinyuzi kwa siku nzima. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa peke yake kina gramu 11 hadi 13, kwa hiyo nusu kikombe ni kama gramu 6. Nusu ya parachichi kubwa ina gramu 6 hivi, na pera moja la wastani gramu 3 hadi 5. Unga wa dona una takriban gramu 7 katika kila gramu 100, ilhali sembe ina karibu nusu ya hizo, na hupungua zaidi kadiri mahindi yanavyokobolewa. Ukijumlisha uji wa ulezi asubuhi, nusu kikombe cha maharage, bakuli la mboga za majani, tunda moja, nusu parachichi na ugali wa dona, umekwishavuka gramu 25 bila kununua kitu chochote cha ajabu. Gharama yake, kama unavyoijua sokoni, ni ndogo kuliko ya nyama.

Hapo kwenye dona ninataka uwe mwangalifu. Katika kukoboa, mashine huondoa pumba pamoja na kiini, na pumba hizo ndizo tunazouza kwa wafugaji wa kuku. Dona hubaki na vyote, pamoja na mafuta ya kiini, ndiyo maana haikai muda mrefu na huanza kunuka uchungu. Saga kidogo kidogo, kiasi cha kutumika kwa wiki mbili tatu. Vilevile sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, hukaa zaidi katika sehemu zile zile ambazo kukoboa huziondoa. Ukila dona, basi ubora wa mahindi ni jambo la lazima: yawe makavu kabisa, uyachambue kwa mkono na kutupa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu, na usikubali unga usiojua umetoka wapi kwa sababu tu ni wa bei rahisi.

Mume wako ana haki ya kuchoka na dona ya bweni. Kwa wengi waliosoma shule hizo, dona ni kumbukumbu ya unga wa zamani wenye wadudu na ugali uliopikwa haraka kwenye sufuria kubwa, na huwezi kumshinda kwa hoja za gramu. Changanya. Anza kwa robo ya dona na robo tatu za sembe, ugali wenye rangi ambayo hataigundua sana, na upande polepole hadi nusu kwa nusu. Ikiwa hata hapo atakataa, mwache na sembe yake, lakini weka maharage na mboga za kutosha mezani, kwa sababu nyuzinyuzi zinaweza kupatikana kwa njia hiyo pia. Sioni sababu ya nyumba kugombana kwa ajili ya unga wakati kikombe cha kunde kinafanya kazi ile ile. Ningependa hata hivyo akumbuke kwamba yeye naye anazeeka, na kisukari hakisubiri mtu afike miaka 67.

Ndizi na matunda si adui wa mama. Ndizi za kupika azihesabu kama wanga wa mlo, mahali pa wali au ugali, wala si juu yake. Ndizi mbivu ina sukari zaidi, lakini moja ndogo baada ya chakula haina tatizo kwa wagonjwa wengi wa sukari. Tunda aling'ate na kulitafuna. Ukilikamua na kulichuja, nyuzinyuzi umezitupa na sukari yote umeibakiza kwenye glasi, na inaingia katika damu kwa kasi. Juisi, hata ile ya nyumbani isiyotiwa sukari, ningeiondoa kabisa katika ratiba yake. Kwa kuwa anatumia vidonge, mwelezeni daktari kwamba mlo wake unabadilika, kwani baadhi ya dawa za sukari zinaweza kuishusha mno mlo unapobadilika, na akisikia kutetemeka, jasho jembamba na kizunguzungu apimwe mara moja.

Unga wa kusafisha tumbo auache. Nimeona madhara ya bidhaa za namna hiyo mara nyingi kiasi kwamba siwezi kulizungumza jambo hili kwa upole. Kazi ya kuondoa taka za damu hufanywa na ini na figo, na hakuna unga unaoifanya kwa niaba yao. Nyingi ya bidhaa hizo huuchokoza utumbo ujikaze kwa nguvu, kama ufanyavyo mmea wa sena, na kwa kuwa hazina orodha ya kuaminika ya kilichomo, hujui mama amekunywa nini. Kuharisha siku mbili kwa mzee anayetumia dawa za shinikizo kunaweza kumkausha maji na chumvi za mwili hadi akaanguka. Mama anapodhani kwamba bila unga hapati choo, kuna maelezo rahisi: baada ya kuharisha utumbo mpana unabaki mtupu, na huchukua siku kadhaa kujaa tena. Siku hizo za kungoja si ugonjwa, lakini mtu huogopa, hunywa tena, na mzunguko unajirudia. Kama daktari ataona anahitaji msaada wa muda, maduka mengi ya dawa yana isabgoli, ambayo ni maganda ya mbegu na ni nyuzinyuzi halisi. Huchanganywa katika bilauri iliyojaa maji na kunywewa hapo hapo kabla haijaganda, kisha maji mengine juu yake, wala isitumiwe na mtu mwenye shida ya kumeza. Vidonge vyake vya hospitali mama avimeze angalau saa mbili kabla au baada ya isabgoli, ili visizuiwe kuingia mwilini.

Kuna mambo mawili ambayo hukuyauliza. Kijijini mama alitembea na kulima, kwako anakaa. Utumbo hupenda mwili unaotembea, kwa hiyo nusu saa ya matembezi asubuhi na jua likipoa itamsaidia, na mjukuu anaweza kumsindikiza. Pili, amezoea choo cha kuchuchumaa, na sasa pengine anakalia cha kukaa, miguu ikining'inia. Mwekee kigoda kifupi cha kuwekea miguu ili magoti yapande juu ya kiuno, na mpe nafasi ya kukaa bila haraka baada ya kifungua kinywa, wakati ambao utumbo mpana wenyewe huamka na kusukuma. Mpangieni muda huo asubuhi, hata kama watoto wanawahi shule, kwa sababu mzee anayegongewa mlango hujizuia, na choo kinachozuiliwa hukauka.

Kujizuia ndiko kunakowapata watoto pia. Mwanao wa miaka saba anahitaji takriban gramu 21 za nyuzinyuzi kwa siku, na atazipata katika sufuria ile ile ya bibi yake, lakini muulize kwanza kuhusu vyoo vya shule. Watoto wengi hubana choo kutwa nzima kwa sababu vyoo vya shule ni vichafu au havina mlango, kisha jioni kinatoka kikiwa kigumu, kinauma, na kesho yake wanabana zaidi kwa kuogopa maumivu. Mpe nafasi ya kwenda chooni nyumbani kabla ya kuondoka asubuhi, mfungie chungwa au ndizi mbivu badala ya biskuti, na chupa ya maji irudi tupu. Akiona damu, au akianza kuchafua nguo bila kujua, mpeleke kwa daktari wa watoto.

Katika majuma haya ya kwanza andika katika daftari siku ambazo mama amepata choo, kama kilikuwa kigumu au laini, alichokula na kipimo cha sukari kila kinapochukuliwa. Mkirudi kliniki, daftari hilo litamweleza daktari mengi ambayo mama mwenyewe ataona haya kuyasema, na hapo ndipo mtakapoamua pamoja naye kama dawa zibaki zilivyo au zibadilishwe.